Ruth au Gibson? Usiamini namba tupu
Ligi za besiboli za kwenye kompyuta huwakutanisha wachezaji wa enzi tofauti, na kabla ya msimu watabiri hukimbilia takwimu. Eti mwenye Babe Ruth keshashinda! Ni kweli, mwaka 1920 Ruth alipiga hom rani 54, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi yake. Lakini katika mechi za ligi hakuwakabili warushaji weusi: ligi kuu iliwafungia nje hadi 1947. Josh Gibson, mmoja wa waliofungiwa, ana wastani wa .372, uliotambuliwa rasmi 2024, ila kwa mechi chache, na mechi zikiwa chache bahati huwa na nguvu. Mtabiri makini angetupatia asilimia, siyo jina la bingwa. Namba tupu hubeba ubaguzi wa enzi zile kimyakimya.