Ngazi ya digi inamuhesabu nani?

Banduku wa chama, leo nawaletea jedwali moja. Linatoka katika kanuni ya dunia ya kusimamia matope ya migodi, iliyotolewa Agosti 2020, kisha digi ya Brumadinho, kule Brazili, kupasuka mwaka 2019 na kuua watu 270. Jedwali hilo linapanga madigi katika ngazi 5, kufuatana na hasara yenye kuja kama ukuta unavunjika.

Kwanza, tusidanganyike. Ngazi haisemi kama ukuta ni imara ao hapana. Inauliza tu: ukianguka, nani ataumia? Digi ya ngazi ya chini inaweza kuwa mbovu kabisa. Na ile ya Brumadinho ilikuwa na cheti kwamba ni imara.

Jedwali lina mazuri: halihesabu maiti peke yake, linaangalia pia mazingira na maisha ya watu, na safu moja yenye hasara kubwa inatosha kupandisha ngazi. Lakini mimi nilisoma agronomia, na safu mbili zinanisumbua.

Safu ya pesa: hasara isiyofika dola milioni 1 inabaki ngazi ya 1. Mahindi na mihogo ya kijiji kizima, je, vinafika milioni? Safu ya mazingira: kama udongo unaweza kupona kati ya mwaka 1 na 5, ni ngazi ya 2. Kwa injenia, miaka 5 ni kidogo. Kwa nyumba yenye kula bukari ya shamba lake, hiyo ni njaa, na watoto wanaacha masomo.

Tuangalie jirani. Tarehe 18 Februari 2025, karibu na Chambishi, Zambia, digi ilimwaga maji mengi ya asidi, mpaka mto Kafue. Samaki walikufa, na mahindi yalikuwa ingali shambani. Serikali ilitupa chokaa mtoni. Chokaa inapunguza asidi, sawa, lakini shaba yenye kuingia udongoni haiondoki.

Mkanda huo wa shaba njo huu wetu wa Katanga. Kanuni inataka kampuni zenye kuifuata zitangaze ngazi ya kila digi. Basi tuombe hiyo ngazi, kisha tuulize: nani alihesabu mashamba, na alitembea huko mwezi gani? Kama hakukuwa mtu wa udongo katika hesabu, hesabu haijaisha.