«Hamna» na Haki: Uhakiki wa Njia za Ushindi Katika Bao la Kiswahili

Katika bao la Kiswahili, mchezaji anaweza kuwa na kete 40 kati ya 64 na bado akashindwa. Iwapo kete zake zote zimo katika safu ya nyuma, na safu yake ya mbele imebaki tupu, mpinzani mwenye kete 24 hutamka neno moja tu, «hamna», na mchezo umekwisha. Mgeni wa mchezo huu huiona hukumu hiyo kuwa dhuluma: yawaje mwenye mali nyingi ahesabiwe mshindwa? Makala haya yanakusudia kulihakiki lalamiko hilo, na kuonyesha kwamba ushindi wa njia ya pili huwa halali pale unapotokana na umbo la mchezo wenyewe, na huwa wa kutiliwa shaka pale unapoongezwa juu yake kama zawadi.

Suala hili lina uzito wake kwa Nundu na mwambao wote wa Fizi. Huku Kiswahili husemwa bega kwa bega na Kibembe, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kigoma pamoja na Ujiji, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya karne ya 19. Mashariki ya ziwa hutawala bao. Kaskazini, Rwanda ina igisoro na Buganda ina omweso. Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 uchunguzi wa michezo ya jamii hii katika Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi. Naye Alexander de Voogt alitoa mwaka 1995 kitabu juu ya umahiri wa wachezaji wa bao. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, na mwaka huohuo ilifunguliwa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Watu waliolelewa katika desturi mbalimbali wanapoketi mbele ya ubao mmoja, huenda mmoja akasema mchezo umekwisha, na mwenziwe akasema bado. Hapo pana haja ya kujua kila kanuni imesimama juu ya nini.

Tuanze na umbo la mchezo. Ubao una safu nne zenye mashimo manane kila moja. Safu mbili ni za mchezaji mmoja, mbili za mwenziwe. Kila mchezaji ana kete 32. Katika bao la Kiswahili huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hatua ya kuziingiza za mkononi huitwa namua, na inayofuata huitwa mtaji. Jambo la kuzingatiwa ni ulaji. Mchezaji wa bao hula kete za shimo la mbele la mpinzani linalokabiliana na lake. Safu ya nyuma hailiwi kamwe. Ni ghala lisilofikiwa na adui.

Sasa tuiondoe kanuni ya «hamna», tuone kitakachotokea. Mchezaji mwoga atazirundika kete zake nyuma, asiache mbele chochote cha kuliwa. Mpinzani, hata awe fundi wa namna gani, hatakuwa na la kumfanya. Kwa hiyo «hamna» si hila iliyobuniwa kumnyang'anya tajiri haki yake. Ndiyo inayomlazimisha kila mchezaji kuiweka sehemu ya mali yake hatarini. Anayelalamika kuwa ana kete nyingi nyuma analalamikia usalama alioutafuta mwenyewe.

Lugha nayo inatoa ushahidi. Msemo si «hana», bali ni «hamna». Kiambishi cha nafsi kingemhukumu mchezaji, nacho kingekuwa uongo, kwani kete anazo. Kiambishi -m- cha mahali pa ndani kinaihukumu safu: ndani ya mashimo yale hamna kitu. Wazee waliolichagua neno hili hawakudai kwamba aliyeshindwa ni maskini; walitaja mahali panapoamuliwa ushindi. Hali kadhalika «mkononi», jina la ushindi unaopatikana katika namua, nalo ni la mahali: linataja zilipobaki kete ambazo hazikuwahi kuingia ubaoni. Ushindi huo humwumiza mwanafunzi, lakini haumfichi chochote.

Tukigeukia omweso, tunakuta ulaji wa namna nyingine: mashimo mawili ya mpinzani yanayokabiliana na la mchezaji, la mbele na la nyuma, huliwa pamoja yakiwa yote mawili yana kete. Nyuma si ghala salama tena, na kwa hiyo «hamna» haihitajiki. Hushindwa yule asiyeweza kucheza. Lakini omweso una ushindi mwingine, emitwe ebiri, yaani vichwa viwili: anayekula katika ncha zote mbili za mpinzani kwa zamu moja ameshinda papo hapo. Kanuni hii haizibi pengo lolote la mchezo. Ni zawadi ya ufundi. Hata hivyo ina utetezi: ncha ziko wazi machoni pa wote wawili, na mlango huo uko wazi kwa kila mmoja sawasawa.

Utetezi huo ndio unaokosekana katika michezo ya kadi za kukusanya. Katika Magic: The Gathering, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1993 na kubuniwa na Richard Garfield, mchezaji huanza na uhai wa alama 20. Anayetakiwa kuvuta kadi na fungu lake limekwisha hushindwa; hiyo ni kanuni ya lazima, sawa na «hamna». Lakini kadi Battle of Wits ya mwaka 2001 humpa ushindi mwenye kadi 200 au zaidi katika fungu lake, hata kama uhai wa mpinzani haujaguswa. Mlango huo anao aliyeimiliki kadi ile tu, na mwenziwe huenda asijue kuwa upo mpaka kadi iwekwe mezani. Kete 32 kwa 32 haziuzwi.

Kutokana na hayo, vipimo vitatu vinajitokeza: njia ya pili iwe wazi kwa wote wawili, ionekane kabla ya kufika, na itajwe kabla ya mchezo kuanza. Bao linatimiza viwili vya kwanza kwa umbo lake. Cha tatu kimeachwa kwa wachezaji, nacho ndicho kinachosahauliwa. Mchezaji wa Nundu na mgeni wake kutoka Kigoma au Rwanda wakubaliane maana ya «hamna» kabla ya kete ya kwanza. Baada ya ya mwisho, hata neno zuri namna hiyo litasikika kama uonevu.