Kibandiko Kisichotaja Kilichobaki

Karatasi yenye mmea uliokaushwa ni hati. Pembeni pana kibandiko chenye jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la mchumaji. Wataalamu huitegemea hati hiyo, nao wana haki. Lakini kila hati ina mwandishi wake, na mwandishi huchagua la kusema na la kunyamazia.

Tuchukue Woodsia ilvensis, kangaga ndogo ya milimani inayoota katika nyufa za majabali. Huko Uingereza ni adimu sana, na milima ya Moffat, kusini mwa Uskoti, ni miongoni mwa makao yake mashuhuri. Katikati ya karne ya 19 Waingereza walishikwa na wazimu wa kangaga. Mwaka 1855 Charles Kingsley aliupa jina, pteridomania. Watu walipanda magenge wakaing'oa mimea: huyu kwa kupamba sebule, yule kwa kuuza, mwingine kwa jina la elimu.

Nizitazamapo picha za karatasi za enzi hizo, hunisumbua kuona mmea umebandikwa mzima, na mizizi yake. Kibandiko chaeleza kwa mwandiko mzuri ulikotoka. Hakisemi iliachwa mingapi. Msomaji asiyeijua historia ataona karatasi nyingi za miaka ile na kudhani kangaga ilikuwa tele. Kumbe wingi wa karatasi hupima ari ya wachumaji, haupimi wingi wa mimea. Tena karatasi inayoshuhudia kwamba mmea uliishi mahali fulani yaweza kuwa ndiyo iliyouondoa hapo.

Je, tuzidharau karatasi hizo? La hasha! Kuanzia mwaka 1999 Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Edinburgh imeshiriki kuirudisha kangaga hii milimani, kwa miche iliyooteshwa kutokana na spora. Atakaye kuurudisha mmea hana budi kwanza kujua ulikaa wapi, na shahidi wa hilo mara nyingi ni yuleyule aliyeung'oa.

Ninachodai ni usomaji wa haki. Tumshukuru mchumaji kwa alichoandika, kisha tumwulize alichoacha mlimani. Na anayechuma leo aongeze mstari mmoja tu kwenye kibandiko chake: niliikuta mingapi, nikachukua mingapi. Pasipo mstari huo, elimu yake ina deni.