Wayo Juu ya Mlima wa Sarandibi

Msomaji, bila shaka umekwisha kulisikia jina la Ibn Battuta katika masomo ya historia. Ni yule msafiri wa Tangier, katika nchi ya Moroko, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maneno machache juu ya wazee wa pwani yetu. Alieleza kwamba watu wa Mombasa walikwenda bila viatu, na kwamba mlangoni pa msikiti palikuwa na kisima, ambapo aingiaye hunawa miguu yake, kisha huifuta juu ya mkeka mgumu uliotandikwa pale. Walimu hupenda kutusomea kipande hicho kwa sababu kinatuhusu. Mimi nataka tusome kipande kingine cha kitabu kile kile, ambacho hakituhusu kwa damu wala kwa nchi, lakini nacho pia ni habari ya miguu. Ni kisa cha ziara yake katika mlima wa Sarandibi, kisiwa kiitwacho leo Sri Lanka, mwaka 1344.

Mlima wenyewe si mrefu sana. Kilele chake ki meta 2,243 juu ya bahari, yaani hakifikii nusu ya Kirinyaga. Lakini umechongoka, nao husimama mbele ya macho ya baharia tangu mbali. Ibn Battuta asema kwamba aliuona angali chomboni, kama nguzo ya moshi, na baina yao ulikuwako mwendo wa siku tisa. Juu ya kilele pana jabali, na katika jabali mna shimo lenye umbo la wayo wa mtu, ila mtu huyo angekuwa jitu, maana urefu wake wakaribia meta 2. Msafiri wetu aliupima kwa shubiri, akapata 11. Wafuasi wa Buddha husema kwamba ni wayo wake, aliouacha alipokizuru kisiwa mara ya tatu. Habari hiyo imo katika Mahavamsa, tarehe ya kale ya kisiwa. Wahindu husema ni wa Shiva. Waislamu husema ni wa baba yetu Adamu, aliyeshukia pale alipotolewa peponi. Tangu zama za Wareno wako pia Wakristo wasemao kwamba ni wa Mtume Tomaso.

Hapa mwanafunzi mwerevu atacheka. Wayo mmoja, wenyewe wanne! Kama mmoja asema kweli, watatu wamekosea. Na huenda wote wanne wamekosea, na shimo lile ni kazi ya mvua na upepo tu. Hoja hii ina nguvu, wala sipendi kuikwepa. Lakini ni hoja ya baraza la mashamba, ambapo watu wanne wanagombea mpaka mmoja, na mzee anauliza hati iko wapi. Ukiziendea hadithi zenyewe utaona kwamba hati haikuwa jambo kubwa kwao. Kurani haikutaja jina la mahali aliposhukia Adamu. Sarandibi iliingia katika habari hiyo kwa vinywa vya wasimulizi na wasafiri, hata Sindbadi wa Alfu Lela Ulela akafikishwa huko katika safari yake ya sita. Na miongoni mwa Wabudha wako wasemao kwamba wayo wa kweli umefunikwa chini ya jabali, na huu uonekanao ni alama yake tu. Basi ikiwa hata wenyewe wako tayari kukubali kwamba macho yao hayaoni kitu chenyewe, watu hawa hupanda mlima kwenda kutafuta nini?

Ibn Battuta alilijibu swali hili bila ya kuulizwa, na kwa maoni yangu bila ya kujua kwamba analijibu. Jibu limo katika namna alivyokigawa kisa chake.

Anaanza mbele ya mfalme aliyetawala upande wa kaskazini ya kisiwa, mtu mwenye lulu nyingi na merikebu za kutisha. Mfalme anamwambia aombe atakalo. Mgeni hataki lulu. Ataka kwenda kwenye Wayo tu. Basi anapewa machela na wachukuzi wake, na wa kufuatana naye: Wayogi wanne waliozoea kwenda kule kila mwaka, Mabrahmani watatu, watu kumi wa mfalme, na wachukuzi wa vyakula kumi na watano. Hesabu msafara huo, msomaji. Mwislamu mmoja aliyetoka Magharibi, pamoja na rafiki zake wachache, anakwenda kumzuru Adamu, na waongozi wake ni watu wanaokwenda kumzuru mwingine.

Kisha yaja maelezo ya njia, nayo ni marefu. Asimulia habari ya Sheikh Abu Abdallah ibn Khafif, ambaye husemwa kuwa ndiye aliyewafungulia Waislamu njia ya mlima. Sheikh na wafuasi wake walishikwa na njaa msituni. Wafuasi wakamchinja ndovu mdogo wakala. Sheikh akawakataza, naye mwenyewe hakula. Usiku ndovu wakaja, wakawanusa mmoja mmoja, wakawaua wote. Walipomnusa sheikh hawakumdhuru, bali mmoja alimwinua kwa mkonga, akampakia mgongoni, akampeleka penye watu. Tangu siku ile watu wa kisiwa wakawaheshimu Waislamu.

Wengine watakwambia kwamba hiki ni kisa cha ajabu kilichotiwa ili kumchangamsha msikilizaji. Mimi naona kwamba ndicho ufunguo wa habari yote. Mlima huu ulikuwa wa watu wengine kabla ya kufika Mwislamu wa kwanza, na hekaya yataka kueleza ni kwa haki gani mgeni alipata ruhusa ya kupita. Haisemi kwamba alishinda vita. Haisemi kwamba aliwashinda Mabrahmani kwa maneno. Yasema kwamba aliona njaa akajizuia, na mnyama wa msituni akamnusa kinywani asipate harufu ya damu. Angalia tena kwamba shahidi wake si mtu wa dini hii wala ile. Ni ndovu.

Baada ya hayo twafika penye njia mbili, iitwayo ya Baba na iitwayo ya Mama, yaani ya Adamu na ya Hawa. Njia ya Mama ni nyepesi, nayo hutumika wakati wa kurudi. Mtu akipanda kwa njia hiyo huhesabiwa kama hakuzuru kabisa, mpaka arudie kwa njia ya Baba. Simama hapa kidogo. Wayo ni ule ule, na jicho litakaloutazama ni lile lile. Mbona ziara ya huyu yakubaliwa na ya mwenzake yakataliwa? Kwa sababu aliyefika kwa wepesi alifika kwa mwili tu. Kanuni hii moja, iliyotajwa kwa maneno machache kama mtu atajaye bei ya chumvi, yatuambia zaidi ya vipimo vyote vya jabali.

Njia ya Baba haina huruma. Mna ruba warukao kutoka majanini, na wazuru huchukua malimau ya kuwakamulia. Karibu na kilele watu wa kale wamepigilia vigingi vya chuma mwambani na kuvifunga minyororo ya kushikilia, nayo ni kumi. Mnyororo wa kumi waitwa mnyororo wa Shahada, maana mtu afikapo hapo na kutazama chini, huogopa kuanguka, na ulimi wake hutamka Shahada kabla hajaamua kuitamka. Katika kitabu kizima sijui mahali pengine ambapo kitu cha chuma kimepewa jina linaloeleza moyo wa mtu waziwazi namna hii.

Na sasa kilele. Nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza nilisikitika hapa, kwa kuwa nilitazamia machozi, nikapewa hesabu. Wayo una shubiri 11. Wachina wa zamani walikata mahali pa kidole gumba na pa jirani yake, wakapeleka kwao hekaluni. Jabalini mmechongwa matundu tisa ya kutilia sadaka za dhahabu, yakuti na lulu, na mafakiri wakisha kufika kwenye pango la Khidhri hukimbizana ili wayawahi. Ibn Battuta mwenyewe alipata vijiwe vichache na dhahabu kidogo, akampa mwongozi wake. Siku hizi namsifu kwa ukavu huo. Hakujitia kuona nuru asiyoiona. Alikaa pangoni siku tatu kama ilivyokuwa desturi, akiuendea Wayo asubuhi na jioni, kisha akashuka kwa njia ya Mama.

Mlima ungali unapandwa. Majira yake huanza kwa mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei, na wengi hupanda usiku, kwa ngazi yenye vidato zaidi ya 5,000, ili wakute jua likichomoza na kivuli cha mlima kikilala juu ya mawingu kama hema la pembe tatu. Njiani pana mahali ambapo Wabudha hufungua uzi mweupe, kwa kumkumbuka Buddha aliyeshona hapo vazi lake. Na juu kileleni pana kengele, ambayo mtu huigonga mara nyingi kadiri ya safari alizopanda. Kengele haihesabu nyayo. Yahesabu safari. Wazee wa Kikuyu waliouelekea Kirinyaga katika sala, kila mtu akiwa mbali nao, hawakuhitaji kuukanyaga ili wauheshimu. Wa Sarandibi ni mlima wa namna nyingine, nao huheshimiwa kwa magoti yaliyochoka.

Lazima niyataje makosa ya kisa pia. Kilisimuliwa kwa kumbukumbu, miaka zaidi ya kumi baada ya safari, na kuandikwa na mkono wa mtu mwingine, Ibn Juzayy, aliyemaliza kazi yake mwaka 1356. Basi idadi zake tuzipokee kwa tahadhari. Hilo ni dogo. Lililo kubwa ni kwamba aliwaita makafiri watu wa dini ya waongozi wake, akala na kulala njiani nao, asituambie neno lao hata moja. Wayogi wanne wamepanda mlima ule kila mwaka. Walijua kila jiwe la njia ya Baba, na yamkini ndio waliomshika mkono penye mwamba. Alisikia vizuri kilichotoka katika kinywa chake mwenyewe kwenye mnyororo wa kumi, akakihifadhi hata kimetufikia sisi. Wao, waliponing'inia mahali pale pale na kutazama chini, walitamka nini?