Nguvu Nyingi, Uzito Haba: Lori Tupu na Utelezi wa Malaba

Mtu asimamaye kando ya barabara ya Malaba wakati wa masika, akayatazama malori yanavyopishana, haya yakiingia Uganda na mizigo yao na yale yakirejea Mombasa matupu, huenda akastaajabu kuona kwamba linalohangaika matopeni aghalabu si lile lililosheheni, bali ni lile lililokwisha kupakua, ambalo injini yake yenye nguvu za farasi 400 haina tena kazi ya maana ya kufanya. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Mshiko wa gurudumu hautoki katika injini. Hutoka katika uzito unaoligandamiza gurudumu ardhini, ukipunguzwa kwa kadiri ya utelezi wa ardhi yenyewe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu ekseli mbili za nyuma za kichwa cha lori kubeba tani 18. Tuseme trela likiwa tupu zimesalia tani 7, na matope hayashiki ila robo ya uzito: msukumo uliokuwa tani 4 na nusu umeshuka chini ya 2, ilhali injini ni ile ile.

Hapo ndipo lori tupu linapofanana na gari la mbio, kwani yote mawili yana nguvu kupita uwezo wa matairi yake. Katika mashindano ya Formula 1 mtambo wa kuzuia magurudumu kuteleza ulipigwa marufuku tangu msimu wa 2008, kwa hoja kwamba unampokonya dereva ustadi wake. Katika malori, ambamo uliingia miaka ya 1980, sijasikia aliyelalamika kwamba ameporwa ustadi wa kujitoa topeni.

Namna unavyotenda kazi si siri. Kila gurudumu lina pete ya chuma yenye meno, kwa kawaida 100, na mbele ya meno hayo imekaa sensa inayoyahesabu yanapopita. Kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu ya nyuma, yanayosukuma, na ya mbele, yanayofuata tu. Likizunguka ovyo gurudumu la upande mmoja, kompyuta hulifunga breki ya upepo lile peke yake. Maana difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya pande mbili, hufuata njia nyepesi kama maji, na njia hiyo ikizibwa nguvu hulazimika kwenda upande wa pili. Yakizunguka ovyo ya pande zote mbili, injini huamriwa kupunguza mafuta.

Lakini ni kiasi gani cha kuteleza kiruhusiwe? Hili ndilo swali lenyewe, na lina majibu mawili. Juu ya lami tairi hushika vizuri zaidi likizunguka kupita mwendo wa gari kwa sehemu moja hivi katika kumi. Ukizidi hapo, mshiko hupungua. Katika udongo laini, kinyume chake, gurudumu sharti lizunguke zaidi, lichimbe, hata lifikie ardhi ngumu iliyo chini. Ndiyo maana watengenezaji waliweka swichi yenye herufi ASR, jina la mtambo huu, ambayo katika malori mengi huiambia kompyuta istahimili kuteleza zaidi. Dereva atokaye kwenye lami ya Busia kuingia yadi yenye matope bila kuibonyeza hukanyaga mafuta na kuona injini inakata pumzi, akadhani pampu imekufa.

Fauka ya hayo, kuna ila moja inayopenda kujitokeza katika foleni ya mpakani hasa. Sensa za kawaida hutoa umeme kwa kadiri ya mwendo, na gari likitambaa umeme huo ni hafifu mno. Beringi ya gurudumu la mbele ikilegea, habu hutikisika na kuisukuma sensa nyuma. Nafasi baina yake na meno hupanuka. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa sensa bado husoma, na lori laweza kutoka Eldoret bila kuonyesha dosari. Likifika kwenye foleni, sensa ya mbele hunyamaza ilhali za nyuma zingali zinasoma. Kompyuta huamini kwamba magurudumu ya nyuma yanazunguka bure, ikapunguza nguvu juu ya lami kavu kabisa. Matairi ya kipimo tofauti mbele na nyuma yaweza pia kuipotosha hesabu, ila hayo macho huyaona.

Tiba yake haihitaji kompyuta ya gharama. Fundi hurekebisha beringi kwanza, kisha huisukuma sensa kwa mkono, bila nyundo, mpaka iguse meno. Gurudumu likizunguka, meno yenyewe huirudisha kadiri itakiwavyo. Baadaye hulizungusha gurudumu kwa mkono, nusu mzunguko kwa sekunde, akiwa ameunganisha mita ya umeme: ikisoma walau volti 0.2 za umeme geu, sensa ni nzima. Wenye malori, daini kipimo hicho kwa mafundi wenu kabla hamjakubali kununua kompyuta mpya.