Kiambishi -nge- Kando ya Jiko la Zebaki

Kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu ya Rwamagasa na Nyarugusu mkoani Geita, na Mwakitolyo upande wa Shinyanga, watu hupasha moto dhahabu iliyoshikana na zebaki na kusema "kuchoma dhahabu". Kitenzi kinadanganya kidogo. Dhahabu haiungui, wala zebaki haiungui. Kinachowaka ni mkaa tu. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi ikaenda zake hewani, na dhahabu, isiyoyeyuka kabla ya nyuzi 1064, ikabaki chomboni. Lakini sikuja kuhakiki kitenzi. Nina sentensi moja ya watu wanaoiga moto kwenye kompyuta, na kando ya jiko hili ndipo umbo lake linapoonekana vizuri.

Ukiivua hesabu, sentensi ni hii: kigezo hiki kingebadilika kidogo, mengine yote yakabaki yalivyo, jibu lingebadilika kiasi gani? Wanauita uchambuzi wa unyeti. Tazama -nge- mbili zinavyokabiliana kama ukwapi na utao wa mshororo. Katikati yake kimejibanza kishazi kisicho na -nge-, cha upole, msomaji anakipita bila kusalimia. Mzigo wote umebebwa na hicho.

Modeli maarufu ya mwako wa gesi asilia, GRI-Mech 3.0 ya Marekani, ina kemikali 53 na mimenyuko 325. Sentensi yetu inarudiwa kwa kila mmenyuko, mara 325, kama kibwagizo kinachobadilisha jina moja tu. Matokeo huchorwa kwa safu, ndefu juu na fupi chini. Ukiuliza kasi ya mwali, kileleni mara nyingi utaikuta atomi ya haidrojeni ikigongana na oksijeni: chembe moja yenye njaa inaingia, zinatoka mbili.

Sasa neno "kidogo". Katika kanuni ya Arrhenius ya mwaka 1889, inayotoa kasi ya mmenyuko, jotoridi limewekwa kwenye asili ya sehemu, na sehemu nzima ikapandishwa kuwa kipeo. Hapo ndipo penye ufundi. Mmenyuko huohuo wa kileleni hudai takriban kilojuli 70 kwa moli ili uanze. Toa jotoridi Kelvini 1000 ulifikishe 1050, yaani asilimia 5 tu, na kasi yake inaongezeka kwa karibu nusu. Kidogo cha kuingia si kidogo cha kutoka.

Rudi mwaloni. Mchomaji akipuliza, mkaa ukikolea, zebaki ikipanda, upepo ukiubeba mvuke kwa jirani: ni kipi hapo kimebaki "kilivyo"? Lugha yenyewe imeiacha -nge- ikashika mnyororo wa -ki-, ambamo kila tendo limeshikana na lenzake. Wanahisabati nao walihama. Njia ya Morris ya mwaka 1991 bado hugusa kigezo kimoja kimoja, ila kutoka vituo vingi tofauti. Ile ya Sobol huvitikisa vyote pamoja, kisha huuliza mtawanyiko wa majibu umetoka wapi, pamoja na sehemu inayozaliwa pale vigezo viwili vinapokutana. Ni ghali: vigezo vikiwa mamia, kompyuta huendeshwa maelfu kwa maelfu. Kwangu mimi ndiyo sentensi ya kweli zaidi, ingawa ile ya safu ndiyo inayopendeza kwenye karatasi, na uzuri huo umewaponza wengi.

Kuna kiambishi kimoja ambacho mwigo hauhitaji kamwe: -ngali-. Kompyuta huuwasha upya moto uleule mara elfu, kwa hiyo haina majuto. Mapafu hayana nafasi hiyo. Rwamagasa ilikuwa miongoni mwa vituo vya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la maendeleo ya viwanda la Umoja wa Mataifa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na retoti ilikuwa sehemu ya mafunzo yake: chombo kilichofungwa kinachoupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki. Kisarufi, retoti inavunja mnyororo wa -ki- kabla haujafika puani. Asiyeitumia ndiye huja kusema, baada ya miaka, "ningalijua".

Basi nanyi mnaochapisha zile safu, kile kishazi cha katikati msikifiche kwenye tanbihi. Kiandikeni juu ya mchoro, kwa herufi zilezile za kichwa chake.