Kusaga Meno na Kukaza Taya: Kasoro Nne za Istilahi

Istilahi ya tiba haina budi kupimwa kwa jibu analolitoa mgonjwa anapoulizwa kwayo. Kwa kipimo hiki, istilahi ambazo wafasiri huzikimbilia wanapoeleza uhusiano wa mazoea ya kinywa na maumivu ya taya zina kasoro nne.

Ya kwanza ni "tabia mbaya za kinywa". Kwa Mswahili, mwenye tabia mbaya ni mtu aliyepungukiwa na adabu, na ubaya wa kinywa ni matusi na usengenyaji. Mtoto anyonyaye kidole, au karani aumaye kucha na kalamu, hakuvunja adabu. "Mazoea ya kinywa yenye kudhuru" yatosha kueleza yaliyokusudiwa pasipo kumhukumu mtu.

Ya pili ni "kusaga meno". Kusaga kwahitaji vitu viwili visuguane. Lakini wataalamu wa nchi mbalimbali walipoafikiana juu ya maana ya jambo hili mwaka 2018, walijumuisha pia kuyabana meno, na hata kuikaza misuli ya taya pasipo meno kugusana. Mtu akazaye taya kutwa kazini, akiulizwa "Je, unasaga meno?", atajibu "La", naye atakuwa amesema kweli, maumivu yake yatatafutiwa sababu kwingine. Aidha, wazazi wengi husadiki kuwa mtoto asagaye meno usingizini ana minyoo, hivyo neno lenyewe humwelekeza mama kwenye dawa ya minyoo. Yafaa pawe na istilahi mbili, "kusaga meno" na "kukaza taya", na ibainishwe kama mtu hufanya hivyo usingizini au akiwa macho.

Ya tatu ni "kiungo cha taya". Kiungo ni sehemu yoyote ya mwili, na taya lenyewe ni kiungo. Kinachokusudiwa ni mahali mbele ya sikio ambapo taya la chini hukutana na fuvu, pakiwa na kisahani kinachozuia mifupa isisuguane. Tunapendekeza "kiungio cha taya". Wala hitilafu zake zisiitwe zote "kuteguka taya", kwani kuteguka ni moja tu miongoni mwazo. Maumivu ya misuli na kuhama kwa kisahani ni nyingine.

Kasoro ya nne ndiyo kubwa, nayo ni kitenzi "husababisha". Mwaka 1934 James Costen, daktari wa Marekani, alidai kuwa maumivu haya hutokana na kupotea kwa meno ya nyuma. Maelezo yake yalikataliwa baadaye, lakini jina lake lilidumu kwa miaka mingi katika maandishi ya tiba. Makubaliano ya mwaka 2018 nayo yaeleza kwamba kusaga meno, kwa mtu mwenye afya, si ugonjwa bali ni tendo la misuli liwezalo kuongeza uwezekano wa madhara. Kwa hiyo mfasiri hana budi kuandika "huweza kuchangia". Akiandika "husababisha", mwalimu atafundisha hivyo hivyo, na mgonjwa atakayeacha kuuma kucha asipone ataona kuwa amedanganywa.